Mashairi Yaliyogawanywa Kama Nguo

Mwaka wa 1974, nikiwa na umri wa miaka tisa, baba yangu aliondoka Tseikuru na ng'ombe waliobaki kwenda kutafuta majani, na mpaka leo hajarudi, wala ng'ombe. Shule niliiacha darasa la tatu. Nikachunga mbuzi wa watu, nikapakia mchanga kwenye malori, nikauza misumari hapa Mwingi kwa kupima na kiganja, mpaka nikawa na duka la vifaa vya ujenzi. Hadithi hiyo humsimulia kila anayekuja kuniomba kazi, ili ajue anaomba kwa nani. Wengi hutikisa kichwa wakasema pole mzee. Ni kijana mmoja tu aliyewahi kuniuliza swali. Aliuliza, "Mzee, yule ng'ombe wa mwisho kutoka bomani, alikuwa wa rangi gani?" Nikamwambia alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe shingoni. Nilikuwa sijamfikiria ng'ombe huyo tangu aondoke. Nikampa kijana kazi papo hapo, na sijui mpaka leo kama nilimpa kwa sababu nzuri. Kijana huyo amefariki. Kaka yake alinipigia simu nikiwa napokea mabati, akaniambia kifua kimemshinda mdogo wake. Nikamaliza kuhesabu mabati, maana mwenye lori alikuwa ananingoja, kisha nikafunga duka.

Wanaosoma safu hii gazetini wanajua sina mazoea ya kuandika juu ya wafu. Kwetu Ukambani mtu akishakufa huwa hana kosa hata moja, na mtu asiye na kosa hana la kuandikwa. Lakini huyu alikuwa nayo makosa, kwa hivyo nitaandika. Kama mfanyakazi hakuwa mzuri. Ukimwomba bawaba za mlango atakupa za dirisha, na ukirudi kulalamika utamkuta amesimama katikati ya duka anaangalia wilbaro kana kwamba wilbaro imemwambia jambo. Mfuko wa simiti ukipasuka, mimi humwaga simiti kwenye ndoo nikauza kwa kipimo, na ile karatasi ya kaki nikaitupa. Yeye aliikung'uta vumbi, akaikata upande, akaandika mashairi. Karatasi ya simiti ni pana kama shati lililoanikwa, na ni ngumu, haichaniki ovyo. Nilimuuliza kwa nini asinunue daftari kama watu. Akasema, "Mzee, daftari lina mistari. Inaniambia nianzie wapi." Nikamwacha. Karatasi ilikuwa ya kutupwa, na kijana hakuwa akiniibia chochote isipokuwa wakati, ambao siku za soko kavu tunao mwingi.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa ngamia na mbuzi, mtu wa barabara ya Garissa, aliyezoea kupitia dukani kununua waya. Siku moja akamkuta kijana akijisomea kwa sauti nyuma ya mabati. Akasimama pale na waya wake begani mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mzee, kwetu mtu anayesema hivi hupewa ngamia." Nikamwambia, "Huku kwetu hupewa chakula cha mchana." Tukacheka sote, na kijana pia akacheka. Lakini jioni, tukifunga, akaniuliza kama nilikuwa natania au nasema kweli. Nikamwambia vyote viwili. Mashairi yake aliyataka yawe kitabu, hilo hakulificha. Aliyatuma kwa watu wa vitabu Nairobi, nao wakamjibu kwa heshima kwamba mashairi hayanunuliwi. Mimi ni mfanyabiashara, sikuona ubaya wa jibu hilo.

Kwao ni upande wa Makueni, ndani kidogo kutoka Kiboko, ukishavuka barabara kuu. Nilipitia Kitui na Mutomo nikatokea Kibwezi, nikiwa nimebeba sanduku lake la bati, maana alikuwa akiishi katika chumba nyuma ya duka langu na vitu vyake vilibaki kwangu kaka yake alipomchukua kwenda hospitali. Tukamzika vizuri, kwaya ikaimba, mchungaji akasema alikuwa kijana mtulivu, jambo ambalo ni kweli. Kisha nikaalikwa nirudi siku ya kugawa nguo. Kwetu marehemu hazikwi na vitu vyake, wala havikai ndani kama vinamngoja. Jamaa huketi uani, sanduku likafunguliwa, na kila mmoja akachukua kitu: huyu koti, huyu viatu, huyu mshipi. Anayesimamia ni mkubwa wa ukoo, na hapa alikuwa ni kaka wa baba mtu, mzee mwembamba mwenye sauti ya kuita punda aliye mbali. Sharti ni moja: mzazi harithi mtoto. Kwa hivyo baba na mama waliketi kando, kwenye benchi lao, wakitazama tu.

Sanduku lilipofunguliwa, nguo zilikuwa chache na karatasi zilikuwa nyingi, zimekunjwa vizuri kati ya shati na shati.

"Hizi nazo ni nini?" mkubwa akauliza.

"Ni mashairi yake, baba," akasema kaka wa marehemu, yule aliyenipigia simu. Huyu anafanya kazi ya kompyuta Nairobi.

"Yalikuwa wapi?"

"Si humo sandukuni, kati ya nguo."

"Basi yanakwenda na nguo."

Kijana wa kompyuta akaruka. "Baba mkubwa, haya hayagawanywi! Ni kazi moja. Ni kitabu."

"Kitabu? Jalada liko wapi?"

"Bado hakijachapishwa."

"Wewe, mbuzi aliye tumboni unamhesabu kwenye boma gani? Hizi ni karatasi, na zina mwenyewe, na mwenyewe amekwenda. Leteni."

Zikagawanywa. Nimeona mali nyingi zikigawanywa katika maisha yangu, na sijawahi kuona ugawaji wenye amani kama huo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akijua thamani ya kitu anachochukua. Shangazi mtu, mama mnene wa kanisa, alisema, "Nipe hiyo pana, hizi ndogo zitanipotea." Mjomba wa Wote, anayeishi mji huo, akasema apewe yenye maandishi machache kwa sababu ya macho yake. "Macho au uvivu?" shangazi akamuuliza. "Wewe chukua pana yako utandike kitanda," akajibiwa. Mimi, kama mgeni na tajiri wa marehemu, nilipewa ya kwanza kabisa. Nikaketi nayo kando, nikaanza kuisoma kwa kidole, maana mimi kusoma nilijifundishia kwenye mifuko ya bidhaa na sijawahi kuwa na haraka.

Ndipo baba mtu akasema neno lake la kwanza siku hiyo. Ni mkulima, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Akauliza, "Punda wangu ameandikwa?"

Watu wakafunua karatasi zao. Shangazi akasema, "Ameandikwa, yuko hapa, hata masikio."

"Na kisima?"

Mjomba wa Wote akainua yake. "Kisima ninacho mimi."

"Mama yenu?"

Yuko, mara mbili. Na yule kuku kipofu yuko. Na mwembe uliokatwa uko, na mwalimu mmoja, na msichana wa kuuza maembe barabarani pale Kiboko, ambaye hakuna aliyekubali kumjua.

"Na mimi?"

Sasa kila mtu akasoma karatasi yake toka juu mpaka chini. Nilisikia karatasi za simiti zikilia uani pote. Hakuna aliyempata. Mkubwa akanigeukia. "Mzee wa Mwingi, na yako?"

Nikawaambia ukweli kama nilivyouona. Nikasema, "Yangu inanihusu mimi."

Msinilaumu kabla hamjasikia. Shairi lenyewe ni hili, maana nalijua kwa moyo:

Ana mkono mgumu kama mpini wa jembe.
Hasalimu, huuliza kama umekula.
Mvua ikikawia haombi kwa sauti,
hutoka nje akatazama mashariki,
akarudi ndani akasema, Kesho.
Nimemsikia akisema Kesho tangu nikiwa mdogo,
na kila mara nimelala nikiamini.

Mikono yangu ni migumu, mtu yeyote Mwingi atawaambia. Kusalimu dukani sisalimu, salamu zinamaliza mchana. Na neno kesho ndilo jibu langu kila mteja anapouliza lori la simiti litafika lini. Hilo la kuuliza kama umekula sikukumbuka kuwahi kumuuliza mtu, lakini nilidhani kijana ametia chumvi, na mshairi huruhusiwa. Hiyo ya kumsikia tangu akiwa mdogo, nilijiambia pia ni chumvi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa koti, nikiwa nimeridhika. Sijawahi kuandikwa na mtu. Baba mtu alitazama chini, akasema, "Amemwona punda. Punda huyo nimetembea nyuma yake maisha yake yote. Kumwona ilikuwa lazima anipite mimi kwanza." Kisha akainuka akaenda kurudisha ng'ombe bomani, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Baada ya hapo habari zilinifikia kwa simu za yule kijana wa Nairobi. Alikuwa amejitolea kuzikusanya karatasi zote ili azipige chapa kwa gharama yake, na hakuna aliyempa. Wale wale waliochukua kwa kutazama upana, sasa mtu akiwaomba wanauliza, "Unaichukulia nini? Hii ni yangu, niligawiwa." Akaomba basi apige picha kwa simu. Mjomba wa Wote akamwambia, "Koti nililogawiwa mbona hukupiga picha?" Yake ameibandika ukutani katika kibanda chake cha kuuza chai, na wateja wote wa kibanda hicho sasa wanakijua kile kisima. Shangazi naye, yake aliiweka ndani ya Biblia. Siku moja katika mkutano wa akina mama akasimama akasoma, wakaitikia amina baada ya kila mstari, mmoja akalia. Halafu ndipo walipotambua kuwa ni punda. Shangazi hakurudi nyuma. Aliwaambia, "Kwani Bwana aliingia mjini amepanda nini?" Kijana wa Nairobi alikuwa akinieleza hayo kwa uchungu. Mimi nilikuwa nikisikiliza kama mtu wa stoo. Simiti ikikaa stoo msimu mmoja wa mvua, inaganda na mfuko wake, na hapo hata ukiwa na mifuko mia huna nyumba. Simiti ni ile iliyotoka. Sikumwambia, alikuwa na hasira.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ndani ya simu hizo. Baba yao alikuwa amekoma kutaka kusikia habari ya mashairi. Mtu akianza kusoma, yeye huondoka. Kiti chake cha wazee kanisani anakikalia, lakini neno hatoi. Walikuwa wameachana vibaya, yeye na mwanawe: kijana alipoacha kazi ya kibarua pale kituo cha utafiti wa mimea Kiboko, kazi ambayo baba alimwombea kwa miguu yake, walisemezana, na kijana akaja Mwingi kwangu. Tangu hapo ilikuwa salamu za kutumiana kupitia mama. Na sasa kijana amekufa, na ameacha neno juu ya kila kiumbe cha boma lile hadi kuku kipofu, isipokuwa baba yake. Mzee alikuwa amelichukua hilo kuwa ndilo jibu. Mama mtu hakukubali. Hajui kusoma, lakini alikuwa akienda nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyegawiwa, anaketi, anasema, "Nisomee." Alikuwa anamtafuta mume wake.

Alifika dukani kwangu siku ya soko, mchana, na kikapu chake cha kyondo begani, watu wamejaa. Nikamtambua.

"Wakya, mwaitu," nikamwamkia kama mtu anavyomwamkia mama.

"Aa," akaitikia. "Nimemaliza zote, mzee. Imebaki yako."

"Mama, umejisumbua bure. Yangu inanihusu mimi. Nilisema siku ile."

"Nilisikia. Isome tu. Nimetoka mbali, nataka kusikia sauti yake hata kama anakusifu wewe."

Nikaitoa. Nilikuwa nimeiweka kwenye kioo na fremu, juu ya kaunta, hapo wateja wanapoiona. Nikasoma. Nilipofika kwa kutazama mashariki, mama alianza kutikisika mabega, nikadhani analia. Nikamaliza. Alikuwa anacheka.

"Mzee," akasema, "wewe mashariki unaitazama kutoka wapi? Mbele ya duka lako kuna ukuta wa benki."

Nikautazama ule ukuta.

"Na wewe umemuuliza nani kama amekula? Mimi nimetoka kwangu kabla jogoo hajawika, nimesimama hapa, umeniuliza?"

Wateja walikuwa wameacha kuangalia misumari. Nikamtuma mtu alete chai na chapati.

"Na tangu akiwa mdogo," akaongeza, sasa bila kucheka. "Alipokuwa mdogo, wewe ulikuwa wapi, baba?"

Ilibidi nikubali kwamba nilikuwa Mwingi. Akainuka akaigusa ile fremu kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mtoto. Akasema, "Huyu ni mzee wangu. Hata njaa ikiwa ndani ya nyumba, hutoka, hutazama, hurudi akasema kesho. Watoto walikuwa wakilala. Mimi nilikuwa nabaki macho, mimi nilijua mashariki hakuna kitu." Kisha akaniambia, "Funga duka."

Mimi sijawahi kufunga duka siku ya soko. Nikafunga. Tukalala Kitui kwa binti yangu, na siku ya pili tukafika kwao. Mzee tulimkuta anashona ngozi ya kumfungia punda mitungi ya maji. Hakuinuka. Nilipoitoa ile fremu kwenye gunia akataka kuondoka, mkewe akamwambia kwa Kikamba aketi, kwa sauti ambayo hata mimi niliketi. Nikasoma. Nasoma polepole, nimewaambia, na siku hiyo nilisoma polepole zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nasoma habari za mtu aliye mbele yangu.

Nilipomaliza akaichoma sindano yake kwenye ngozi, akaiacha hapo. Kisha akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akavaa miwani yake ya kanisani, akasogea, akaniuliza, "Hapo aliposema aliamini ni wapi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya kioo, chini ya mstari ule, akakiacha hapo. Mkono wake, ndugu zangu, ni mpini kweli. Wangu ni mkono wa mtu wa duka.

"Ulisema ni yako," akaniambia, bila kuinua macho.

"Tunafanana kidogo," nikasema.

"Hatufanani hata kidogo."

Nikamwambia aichukue, na fremu yake, bure. Akatikisa kichwa. "Mzazi harithi mtoto. Kaa nayo. Lakini utakuwa unaileta." Mkewe akasema vivyo hivyo, akaongeza kwamba karatasi zote zikiwa katika nyumba moja, mtu atakuwa na kitabu, lakini zikiwa hivi yeye ana mahali pa kwenda mwaka mzima. Mzee akaondoa kidole. Akatoka nje ya kivuli, akatazama upande wa mashariki, ambako hakukuwa na wingu hata la kufunika kuku. Akarudi. Nilingoja aseme lile neno, lakini alinitazama mimi, akaniuliza, "Umekula?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Wasomi huniandikia kwamba kazi isiyochapishwa ni kazi iliyokufa, na siwezi kubishana nao, walifika mbali kuliko darasa la tatu. Ninachojua ni kidogo. Kitu kikigawanywa vibaya bado kimegawanywa, na kilichogawanywa kina watu wa kukilinda, wenye kelele, wanaokibandika ukutani na kukisoma kanisani mahali pasipofaa. Kitabu kikija, kije, sitakizuia. Na usidhani unayeandikwa ni wewe kwa sababu tu karatasi imeangukia mkononi mwako. Mpe mwenyewe asikie. Hata kama ni mbali, hata kama ni siku ya soko.

Mimi nilianza bila baba na bila ng'ombe. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwingi na lingine Kitui mjini. Nina lori moja linalotembea na moja lisilotembea. Nina nyumba ya mawe, shamba la ndengu Tseikuru, na ng'ombe kadhaa, mmoja wao mwekundu mwenye baka jeupe shingoni, ambaye nilimtafuta masoko mengi na nikamnunua zaidi ya bei. Na nina shairi moja lisilonihusu.